Kipande Kimoja kwa Kila Mashine

Nilikataa. Na ukiniuliza leo, bado nakataa.

Bosi wangu alikuwa Gitonga. Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la hardware pale mtaa wa Mowlem, na kazi ilikuwa hii: kliniki ishirini na nne za Eastlands, Nairobi, kila moja ipewe kikompyuta cha kuhifadhi kadi za akina mama wajawazito. Mashine zote zinashirikiana, zinakuwa database moja, ghala moja la kumbukumbu. Kadi ya kila mama inakaa kwenye mashine tatu, na ili ifunguke, lazima mbili kati ya hizo tatu zijibu. Mbili zikizimika, kadi imefungwa, nesi anabaki kumwangalia mama usoni.

Sasa, mashine hupangwa kwenye duara la kufikirika, kila kadi ikae kwenye kipande chake na nakala zake kwa majirani wawili wanaofuata, na kuna jambo moja la kuamua: kila mashine ishike vipande vingapi vya duara hilo. Gitonga alitaka mia mbili hamsini na sita. Kwa nini? Kwa sababu kampuni kubwa alikotoka waliweka hivyo. Aki ya nani, sababu ni hiyo tu.

"Vipande vikiwa vingi, mzigo unagawanyika sawasawa," akaniambia. "Hata mtoto anajua."

"Na kila mashine inakuwa jirani ya kila mashine," nikamjibu. "Zizimike mbili tu, zozote zile, tayari kuna mama kadi yake haifunguki. Na wewe unajua stima ya huku! Inapotea ukipika chai, inapotea ukipiga pasi."

Mimi nilitaka kipande kimoja kwa kila mashine, nipange kwa mkono wangu nani akae karibu na nani. Database yetu haijui mtaa wala transfoma, inajua namba tu. Lakini mimi nimezaliwa huku. Niliwapigia manesi wote simu, nikawauliza lile swali tunaloulizana madirishani: stima ikipotea kwako, kwa nani tena hupotea? Ndipo nikajua kuna kliniki ya Mowlem imeungwa kwa laini ya stima ya Kiamaiko. Kliniki zote zikaangukia laini tatu, nane nane. Nikazipanga zikipishana kwenye duara, Kaloleni, Mowlem, Kiamaiko, halafu tena Kaloleni, ili nakala tatu za kadi moja zisiwahi kukutana kwenye laini moja.

Gitonga akautazama mchoro wangu, akacheka kwa pua. "Mutheu, haya ni ya kizamani. Kesho kadi zinaingia, na zikishaingia, huu mpangilio haubadilishwi hivi hivi. Weka yangu, ama uache laptop hapo mezani uende."

"Siweki. Na siendi," nikasema. "Kesho manesi wenyewe watachagua."

Akaniacha, akiamini manesi watamchagua yeye. Niliogopa, sitadanganya. Nyumba ninalipa mimi, na mama yangu ananitegemea mimi. Lakini hasira ilinizidi woga.

Kesho yake tulikutana kwenye ukumbi wa Kaloleni. Mashine zote zilikuwa mezani, manesi wamekuja kuzichukua. Nilikuwa nimezipanga kwanza kwa njia ya Gitonga, kwa jaribio tu, na ndani nikaweka kadi za majaribio. Nikawaeleza manesi kila kitu, kisha nikang'oa waya wa mashine mbili za laini ya Kiamaiko. Kati ya kila kadi mia, moja ikakataa kufunguka.

"Moja!" Gitonga akapaza sauti. "Moja tu katika mia! Hiyo ni nini sasa?"

Sista Awiti, nesi mkuu wa kliniki ya Kiamaiko, akainuka. Ni mama mzito, haharakishwi na mtu. "Huyo mama mmoja analala kwa kitanda chako ama changu?"

Nikazifuta mashine, nikazipanga kwa njia yangu, tukanywa chai zikijaa upya. Halafu sikung'oa mbili. Niling'oa laini nzima ya Kiamaiko, mashine nane. Tukafungua kadi zote. Hakuna hata moja iliyokataa. Manesi wakapiga makofi, na mimi nikajisikia mrefu kama mlingoti.

Nikaziwasha tena, lakini Gitonga si mjinga. Akaja mezani, akachagua mashine mbili zinazokaa pamoja kwenye duara langu, moja ya Kaloleni na moja ya Mowlem, akazing'oa. Kadi nane katika mia zikafungwa.

"Mmeona?" akasema, akiwageukia manesi. "Kwangu moja, kwake nane! Aliwaambia hayo?"

"Ni kweli," nikasema. "Hizo mbili zikizimika pamoja, tutaumia zaidi kwangu kuliko kwake. Sikatai."

"Na hizo laini mbili hupotea pamoja lini?" Awiti akaniuliza.

"Nyinyi ndio mnaishi huko. Niambieni nyinyi."

"Zii, hazipotei pamoja," akasema nesi mmoja wa Mowlem. "Kwetu ikipotea, Kaloleni huwa iko. Labda Nairobi yote iwe giza."

"Basi weka yako, mwanangu," akasema Awiti. Wengine wakaitikia. Nikarudisha waya, nikafuta kadi za majaribio, nikaweka kidole juu ya kitufe cha kuingiza kadi za kweli.

Gitonga akanisogelea hadi nikasikia pumzi yake. "Ukibonyeza hicho, umejifuta kazi. Nasema mbele ya watu wote."

Nilimtazama, nikaitazama laptop, nikamtazama Awiti, ambaye kesho angekuwa kazini na mgonjwa mbele yake. Nikabonyeza. Kadi za kweli zikaanza kuingia, na tukazitazama mpaka ya mwisho ikakaa.

Kisha nikafunga laptop nikamwekea Gitonga mikononi. "Ukitaka kubadilisha," nikamwambia, "itabidi utoe mashine moja moja, kliniki kwa kliniki, ubishe hodi kwa kila mmoja wa hawa umweleze kwa nini."

Manesi walikuwa wameshabeba mashine zao kifuani. Awiti alimpita Gitonga mlangoni bila kumwangalia.