Siku Kumi na Moja za Zege

Mama Stoo alikuwa anahesabu ndoo za zege, nzima upande wake na zilizotoboka upande wake, aliposikia nyundo. Nyundo yenyewe si kitu. Kwenye ujenzi ukishtuka kwa kila nyundo utaondoka na presha kabla ya saa sita. Lakini miaka kumi na minane ya kukaa stoo ilikuwa imelisomesha sikio lake. Nyundo inayopigilia msumari ina haraka, inazidi kuwa kali kadiri msumari unavyozama. Hii ilikuwa nzito, inasema, inanyamaza, inasema tena. Tok. Tok. Ilikuwa inang'oa kabari.

Alitoa kichwa mlangoni. Fundi chuma alikuwa anapita na nondo begani.

"Baba, wanagonga nini kule?"

"Wanatoa mirunda chini ya zege la ghorofa ya kwanza, mama. Mfumo umetoa kijani asubuhi hii. Yupo mdogo wako, Futi Saba. Kwa urefu ule, ngazi ya nini?" Akacheka, akaenda zake.

Mama Stoo hakucheka. Mirunda ni ile miti inayolibeba zege changa mpaka likomae, siku ishirini na moja, na ukiitoa kabla, zege linabaki limejibeba lenyewe na nguvu halina. Alivuta boksi la misumari ya inchi nne, akatoa daftari lake la zamani chini yake. Lilikuwa na jalada la bluu, pembe zimeliwa na panya.

Daftari hilo halikutakiwa tena. Kampuni yao ilikuwa na ujenzi sehemu saba, na kila sehemu na mtindo wake: huyu anaandika kwenye daftari, yule kwenye ubao wa mlango, mwingine anaweka kichwani. Ofisi ikachoka. Ikaleta programu kwenye tableti ili kazi zote ziende njia moja; hatua haifunguki mpaka ya nyuma yake iwekewe tiki. Zege likitimiza siku zake, alama inageuka kijani, mirunda inatoka. Hakuna tena kuulizana.

Wiki iliyopita watunza stoo wote saba walikalishwa chumba kimoja chenye feni, wahamishe madaftari yao. Walipofika kwenye tarehe ya kumwaga zege, Mama Stoo aliinua mkono.

"Mwanangu, sisi hatuna tarehe ya kumwaga. Tunaandika siku saruji ilipotoka stoo."

"Si ni siku hiyo hiyo, mama?" aliuliza binti wa ofisini.

"Siku zote ni hiyo hiyo," alidakia Mzee Kitambulisho, mtunza stoo wa ujenzi mwingine, aliyepata jina hilo kwa kumdai mkewe kitambulisho getini alipomletea chakula. Wote wakacheka. Wote wakaingiza tarehe ya saruji.

Sasa Mama Stoo alifungua ukurasa, kidole kikitembea pembeni, pale alipozoea kuandika kwa penseli mambo yasiyo na nafasi. *Mvua. Saruji ipo chini ya turubai. Zege bado.* Kesho yake, *bado*. Kesho kutwa, *mashine ya kuchanganya mbovu, bado*. Bado zilishuka hadi chini ya ukurasa, kumi kamili, halafu: *Leo wamemwaga.*

Akahesabu kwa vidole. Akarudia. Zege lilikuwa na siku kumi na moja.

Zamani msimamizi angechungulia dirishani, "Mama, lile zege lina umri gani?" naye angefungua daftari na macho yangeangukia penseli. Leo hakuna aliyechungulia.

Tok. Tok.

Kwenye tableti ya stoo kulikuwa na kitufe chekundu cha kusimamisha kazi. Alikibonyeza. Kikamuuliza jina lake na sababu. Akiandika, ofisi nzima itasoma kwamba tarehe ya uongo aliiingiza yeye, na binti wa ofisini alishaonya kwamba mwenye kuingiza uongo ajitafutie kazi kwingine. Alisimama pale akiangalia herufi, na ndani ya kusimama huko alisikia nyundo mara tatu. Mara tatu! Haya hiyo ilikuja kumtafuna baadaye kuliko yote. Akaandika kwa kidole kimoja: *Zege halijakomaa. Tarehe nimekosea mimi.* Akabonyeza. Kiduara cha mtandao kikaanza kuzunguka. Kinazunguka tu.

Alikiacha kikizunguka, akakimbia, daftari kifuani, kandambili moja ikabaki kwenye tope.

Chini ya zege kulikuwa na kiza cha msitu, mirunda imesimama safu kwa safu. Upande wa mbele mirunda miwili ilikuwa tayari imelala. Futi Saba alikuwa katikati, shingo ameipinda asigonge mbao, nyundo mkononi.

"Dada! Chai imeiva?"

"Toka! Toka huko!"

Msimamizi alimziba njia, tableti mkononi. "Mama Stoo, vipi? Kijani hiki hapa. Au umeanza kuogopa rangi?"

"Baba, tarehe hiyo ni ya saruji kutoka stoo. Zege lilichelewa siku kumi. Soma hapa."

"Penseli?" Aliliangalia daftari kama mtu aliyeonyeshwa soksi. "Mfumo unasema ishirini na moja, penseli yako inasema kumi na moja, nimsikilize nani? Nikisimamisha bila sababu naulizwa mimi. Futi Saba, gonga."

Futi Saba alimwangalia msimamizi, akamwangalia dada yake. Huyu dada ndiye aliyembeba mgongoni mama yao alipofariki, akamlea mpaka akampita kimo. Nyundo ikabaki hewani.

Mama Stoo alipita chini ya mkono wa msimamizi, akaingia, akaukumbatia mrunda uliokuwa unagongwa. Mti ulikuwa unatetemeka mikononi mwake.

"Basi gonga na mimi nimo."

Juu yao kitu kikalia. Hakikuwa kishindo. Kilikuwa kama mtu anayevuta kiti taratibu chumba cha juu, na chumba cha juu hakikuwepo. Vumbi jembamba likamshukia Futi Saba begani.

Msimamizi alirudi nyuma hadi kwenye jua.

"Dada," Futi Saba alisema kwa sauti ya kuongea na mtoto aliyelala, "usiuachie huo. Kabari yake imelegea. Ngoja."

Akapiga magoti. Akarudisha kabari chini ya mrunda kwa vipigo vidogo vidogo, kila kimoja Mama Stoo akikisikia kwenye meno. Halafu akasema, "Sasa toka, nami narudisha ile miwili ya mbele."

"Natoka na wewe."

"Dada, kwa mara moja tu usinilee."

Hakutoka. Alimshikia mti wa kwanza, akamshikia wa pili, huku midomo ikisema maneno ya sala asiyoyasikia mwenyewe. Mkojo ulimponyoka kidogo, na hakuona aibu. Walipotoka kwenye jua, msimamizi alikuwa ameketi kwenye tofali, tableti mapajani. Alama ilikuwa imegeuka nyekundu. Chini yake palisomeka jina la Mama Stoo na kosa lake, kwa wote.

"Kuna ufa," Futi Saba alisema. "Mwembamba kama unywele. Mwite injinia."

Msimamizi alimwangalia Mama Stoo, mara ya kwanza siku hiyo kama alivyokuwa akimwangalia dirishani. "Mama, mvua ile ilinyesha huku tu?"

Stoo saba. Chumba kimoja. Feni moja. Wote wameingiza namna moja.

Alitoa simu kwenye kanga, akatafuta namba ya Mzee Kitambulisho. Ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Nani huyo? Jitambulishe!" Mzee alikuwa anacheka.

Mama Stoo alifungua mdomo. Nyuma ya kicheko, mbali kidogo, akaisikia: nzito, inasema, inanyamaza, inasema tena.

"Mzee," alipiga kelele mpaka wote uwanjani wakageuka, "acha kila kitu, kimbia, watoe watu chini ya zege!"