Dumu la Mdomo Mwembamba

Nakutegea, nawe usinikimbie: tumo wengi chumba kimoja, hatuonani, kila mtu ana lake la kusema, na wakisema wawili kwa pamoja hasikiki hata mmoja. Ni nini? Umeshindwa? Basi nipe mji. Makunduchi? Haya, nimekwenda Makunduchi, nimekula pweza wao nikashiba, nimerudi. Ni waifai.

Nyumbani kwa Bi Mwanakheri, hapo Mkunazini, waifai ilikuwa moja kwa familia tatu. Kisanduku chenyewe kilikaa ghorofa ya juu kwa Rukaiya. Bi Mwanakheri alikuwa chini kabisa, nyuma ya kuta za mawe ambazo hata adhana huzipenya kwa taabu.

Mama yake alikuwa amekufa, arubaini ishapita, na yeye alikuwa kama mtu aliyelalia mkono ukafa ganzi: anauona ni wake, lakini haumuumi. Alipika, akala, akaosha sahani. Hakulia.

Mdogo wake, Wanu, aliyeolewa Maskati, hakuwahi mazishi. Ijumaa moja alipiga simu ya video.

"Dada," aliuliza, "mama kabla hajafa, aliniulizia?"

Papo hapo picha ikaganda, mdomo wa Wanu uko wazi, jicho moja limefumba. Simu ikakatika. Ijumaa ya pili vilevile, na ya tatu vilevile. Bi Mwanakheri angeweza kumtumia sauti. Hakumtumia.

Ijumaa ya nne asubuhi Wanu akaandika: "Kama hutaki kunijibu, dada, sema. Leo baada ya alasiri napiga, na sipigi tena."

Bi Mwanakheri akaisoma, akaiweka simu juu ya meza, akasimama chini ya ngazi.

"Rukaiya! Wanao na katuni zao wameimaliza waifai yote!"

"Waifai ni ya sote, Bi Mwanakheri! Au unataka tufumbe macho mpaka umalize wewe?"

Lakini Rukaiya hakuwa mtu mbaya. Kabla ya adhuhuri alishuka na kaka yake, Mahfoudh, fundi wa mitambo hiyo.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba. Nitafutie mwizi, mwanangu."

Mahfoudh akaishika ile simu kongwe, akazunguka nayo chumbani, akapanda juu, akashuka tena.

"Mwizi hayupo," alisema. "Kila simu humu husikiliza kwanza. Ikisikia mwenziwe anasema, inanyamaza, inasubiri kidogo, kisha inajaribu. Zamu zenu ni sawasawa. Ila hii yako iko mbali, tena ya zamani, inasema polepole. Neno lake moja huchukua muda wa maneno ishirini ya wenzake. Wote wanakusubiri wewe, kisha na wewe unawasubiri wao."

Rukaiya akapiga kofi, akacheka. "Kama lile dumu lako pale bombani!"

Bombani pao sharia ni moja: chombo kimoja kimoja. Wenzake huja na ndoo, zikajaa mara moja. Yeye huja na dumu la mdomo mwembamba, maji yakaingia uzi kwa uzi, foleni nzima imeshika kiuno. Na kwa miaka yote hiyo alijiona mwenye haki, maana chombo chake ni kimoja.

Siku nyingine angeona haya. Siku hiyo aliyasikia yote kama mvua ya mtaa wa pili.

Mahfoudh akakishusha kisanduku, akakitundika katikati ya ngazi. "Na nimekipanga kigawe muda, si zamu tu. Sasa haitakatika."

"Haitakatika kabisa?"

"Kabisa, Bi Mwanakheri."

Hakumshukuru. Alikaa juu ya mkeka kuisubiri alasiri.

Simu ikalia. Uso wa Wanu ukaja mzima, mpaka chozi lililokuwa likishuka lilionekana. Juu, katuni za watoto zilikuwa zikiendelea. Bi Mwanakheri alitazama ngazini, akingoja picha igande. Haikuganda.

"Dada, unanisikia?"

"Naam. Nakusikia."

"Aliniulizia?"

Angeweza kusema "halo, halo", kama alivyosema Ijumaa iliyopita hali sauti ya Wanu ilikuwa bado inafika. Akaufungua mdomo, na ule mkono uliokufa ganzi ukaanza kuchoma.

"Hakukuulizia, Wanu. Siku tisa nilimwosha, nikamlisha, na jina langu hakulitaja hata mara moja. Kila aliponiita, aliniita Wanu."