Nilivyoirefusha Njia ya Hanoi

Watu wa Shively, mtaa wetu hapa Louisville, Marekani, wananijua. Nilishawaambia kwamba nilivuka mto Malagarasi mgongoni mwa kiboko, na kiboko mwenyewe akanidai nauli. Kwa hiyo Jovini, mtoto wa marehemu kaka yangu, aliponiomba niwe msemaji wake siku ya kuposa, mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi sikucheka. Kijana alikuwa amepata kazi ya miaka miwili Seoul, kule Korea. Nadine, mchumba wake wa mjini Buffalo, alikuwa amepata ualimu Hanoi, Vietnam. Na baba mkubwa wa Nadine aliyemlea, mzee Semahoro, tuliyekaa naye kambi moja ya wakimbizi Tanzania, alikwisha sema kwa simu: "Mume nchi yake, mke nchi yake? Hiyo si ndoa. Njooni mle, mrudi."

Nikaapa: harudi mtu Louisville kabla Nadine hajaposwa.

Tuliondoka alfajiri. Mjini Columbus tukapita mtaa wa Northland kumchukua dada yangu Angelika na kreti zake za Fanta. Njiani Jovini akaniambia, "Baba mdogo, nimeangalia. Ndege toka Seoul mpaka Hanoi ni kama masaa matano tu. Mwambie hivyo."

"Nikisema mimi, ataamini?"

Angelika akadakia kutoka kiti cha nyuma: "Wewe, kaka? Ukimwambia kumekucha, anachungulia dirishani kwanza."

Nikalitafakari neno hilo mpaka Buffalo. Tulipoingia jioni ile, nilikuwa nimeshapata njia.

Sebule ilijaa watu. Semahoro alikaa katikati, amekunja mikono.

"Mzee Gaudiosi, kiboko hajambo?"

Watu wakaangua kicheko.

"Hajambo, anakusalimu. Tumekuja kuomba mtoto."

"Mtoto anakwenda Hanoi, mwenzake anakwenda Seoul. Akiugua, mumewe atamfikia lini?"

Jovini alinitumbulia macho: matano, sema matano.

"Bwana Semahoro, sitakuficha," nikasema. "Ni siku tatu hewani. Siku ya pili ndege inaegeshwa juu ya wingu, abiria wanashuka, wanapika ugali, wanafua."

Jovini akajiziba uso. Semahoro akasimama, furaha imemjaa. Tangu kambini alikuwa akitafuta kunikamata mbele za watu.

"Uongo mtupu! Ngojeni!" Akatoa simu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama anasoma somo kanisani: "Seoul mpaka Hanoi. Kilomita kama elfu mbili na mia saba. Kwa ndege, masaa matano hivi." Akaninyooshea kidole. "Matano, muongo we!"

"Una hakika?"

"Atakayebisha ni mjinga!"

"Basi sibishi. Sisi tumetoka Louisville alfajiri, tumefika kwako jioni, na hakuna aliyesema Buffalo ni mbali mno kuoa. Na wewe mwenyewe, mbele ya watu wote hawa, umesema mume atamfikia mkewe kwa masaa matano."

Semahoro akaitazama simu yake kama ng'ombe aliyempiga teke. Angelika hakumpa nafasi ya kufungua mdomo. Alipiga vigelegele, wanawake wa Buffalo wakapokea, na jikoni nikasikia Nadine akicheka.

Mzee akakaa. Akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Leteni hizo Fanta," akasema. "Lakini siku ya harusi, kiboko simtaki humu."

"Umechelewa, mkwe," nikamjibu. "Keshanunua suti."