Kilima Kilichokunywa Barafu

Amina alikuwa ameshamtoa bintiye bila mwenyewe kujua. Si kwa mume, bali kwa shule. Alimwahidi Graça, mkuu wa escola moja kule Palma, kwamba Zuleica harudi tena Ulaya. Ataanza kufundisha muhula ujao. Kilichobaki ni kumwambia Zuleica, na hapo ndipo ulimi ulipokuwa mzito.

Zuleica alikuwa likizoni nyumbani Quionga, katoka Uswisi, alikopata bolsa, ufadhili wa kusomea theluji. Theluji! Wanunuzi wa samaki walipomuuliza Amina mwanawe anasomea nini, alijibu "maji," kisha upesi akauliza habari za wagonjwa. Udaktari ungeeleweka. Hata ufundi wa simu.

Asubuhi hiyo shemeji yake, Nurdine, alipita kuchukua samaki aina ya changu, akaanza utani wake.

"Zuleica, theluji ikiyeyuka si inateremka mtoni, ikaishia baharini? Sasa miaka yote hiyo unasoma nini? Kuitazama ikiondoka?"

Amina alicheka naye. Kisha akauona uso wa bintiye, akaacha kucheka.

"Mama, nipe barafu kidogo," alisema Zuleica.

"Hii ya samaki?"

"Hiyo hiyo."

Siku nyingine angekataa. Leo dhamiri ilimsuta, akachota sahani nzima.

Nyuma ya nyumba Zuleica alitandaza udongo wa mfinyanzi, juu yake akarundika mchanga na changarawe mpaka kikawa kilima cha kumfika magotini. Akakimwagia maji, akangoja yajichuje, ndipo akaiweka barafu kileleni. Jua likashika kazi yake.

Nurdine alichuchumaa, akingoja kijito kiteremke ubavuni. Wapi! Barafu ilizidi kupungua, kilima kikanywa kila tone.

"Maji yako wapi?"

"Ndani ya mlima, baba mdogo."

Baadaye, chini kabisa, mchanga ulipokutana na udongo, maji yalianza kuchuruzika, membamba kama uzi. Wakaenda kula wali. Waliporudi, kileleni hapakuwa na hata punje ya barafu, na uzi ule ulikuwa bado unatiririka. Amina aliugusa kwa kidole. Ulikuwa wa baridi.

"Barafu imekwisha, na bado yanatoka?"

"Ndiyo, mama. Theluji nyingine hukimbilia mtoni moja kwa moja, kama asemavyo baba mdogo. Nyingine huzama kwenye nyufa za miamba, ikakaa miezi, pengine miaka, ndipo ichomoze kwenye chemchemi. Mvua ikikatika, mito huishi kwa maji hayo."

"Na mtajuaje haya ni ya theluji, yale ni ya mvua?" aliuliza Nurdine, utani umemtoka.

"Maji hubeba alama ya yalikotoka. Tunayachota, tunayapima. Sasa hata ile barafu nene iliyokaa juu vizazi na vizazi inakwisha. Tunataka kujua mlima una akiba kiasi gani, kabla watu wa mabondeni hawajaona chemchemi zinasinyaa."

Alisema huku mikono ikipaa, macho yanang'aa. Amina alimtazama, akatambua kwamba hajawahi kumuuliza. Hata mara moja.

Nurdine alipoondoka na samaki wake, Amina alishusha pumzi.

"Mwanangu, kuna jambo. Nilimwambia Graça utabaki, utafundisha."

"Najua. Alinipigia simu kunipongeza."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme."

"Na ukamjibuje?"

"Kwamba nitarudi kumaliza masomo. Lakini hizi wiki za likizo nitamsaidia. Jumatatu naanza."

Amina alijifunika uso kwa ncha ya leso, akacheka mpaka machozi. Aibu ilikuwepo, lakini nyepesi kuliko alivyoiogopa.

"Basi ukifika huko mlimani, unipigie simu ya picha. Nataka kuona hiyo theluji."

"Kule baridi ni kali, mama. Simu huzima."

"Iweke kwapani," alisema Amina.