Kikombe cha Tatu

Tangu kiharusi kimpige mume wangu, ulimi wake niko nao mimi. Akitaka kusema ndiyo, ananiminya kidole mara moja. Hapana, mara mbili. Mkono wa mtu mwingine hauminyi kabisa. Daktari anasema ni mazoea. Mimi nasema amejua kijiko kinatoka upande gani.

Ni mwandishi mashuhuri. Katika riwaya yake kubwa kuna mke mwenye miguu mifupi na akili fupi, anayefunika kila kitu, masufuria, ndoo, mpaka mazungumzo ya watu. Alimwita Mfuniko. Mtaa mzima ulijua ni nani. Mpaka leo muuza nyama huniuliza, "Mfuniko, nikukatie wapi?" Nilipolalamika, mume wangu alicheka. "Ni fasihi tu hiyo. Usijitie humo." Mkuki kwa nguruwe.

Lakini wasomaji waliipendea riwaya jambo jingine. Kila sura, meza inaandaliwa vikombe vitatu, na nyumba ina watu wawili. Cha tatu ni cha nani? Watu wamegombana redioni, wengine wamejipatia shahada kwa swali hilo. Yeye alikuwa akiwajibu kwamba atasema akikaribia kufa. Kiharusi hakikumpigia hodi.

Juzi akaja mwalimu mmoja anayeandika kitabu juu ya mafumbo ya riwaya yasiyofumbuliwa. Sura yake ya mwisho inasubiri kikombe chetu.

"Shikamoo mama. Nilitaka mzee anisaidie kabla..." Akameza neno.

"Kabla hajafa. Marahaba, karibu chai."

Nikakaa kando ya kitanda, nikampa mgonjwa kidole. Macho yalimng'aa. Hana tena hamu ya chakula wala ya wageni. Kitu pekee alichobaki akikitaka duniani ni kikombe hicho kijulikane.

"Ni cha hawara?" mwalimu akauliza.

Akaminya mara mbili. "Anasema huenda," nikajibu.

"Ni cha Mungu?"

Mara mbili, kwa hasira. "Hapo anacheka." Nilikuwa nafurahi, sifichi. Mtu aliyenifanya kichekesho mbele ya watu wote sasa hawezi hata kujikuna bila mimi.

Mwalimu akageuza kalamu vidoleni. "Je, ni cha mtoto? Mtoto aliyezaliwa akafa?"

Akaniminya mara moja. Hakuachia mpaka pete ikanikata.

Tulikuwa na binti. Hakuwahi hata kufungua macho vizuri. Siku ya kumzika, baba yake alibaki nyumbani akimalizia sura, na niliporudi akaniambia yaliyopita si ndwele, jina la mtoto lisitajwe tena humu ndani. Sikulitaja. Nililia bafuni huku nimefungulia bomba. Kumbe mwenzangu alikuwa anamwandalia mwanangu chai mbele ya nchi nzima, sura baada ya sura, na mimi mle ndani amenipa kazi ya kufunika masufuria. Nilimchukia kuliko siku zote.

"Anasemaje, mama?"

"Hapana. Anasema alikosea. Palikuwa na mtu wa tatu hadithini, akamfuta, vikombe akavisahau."

"Sura zote?"

"Zote. Alikuwa mvivu wa kusoma alichoandika."

Mume wangu akaminya mara mbili, na tena mara mbili, mpaka nguvu zikamwishia. Machozi yakamshuka upande mmoja, upande unaofanya kazi.

"Mzee analia," mwalimu akasema.

"Ni aibu, mwanangu. Iandike tu, apumzike."

Akaandika. Aliondoka amenyong'onyea, chai hakuimaliza.

Nilipokuja kukusanya vikombe, macho ya mume wangu yaliifuata sinia. Nikamwinamia sikioni.

"Ungeniambia mimi," nikasema. "Ungeniambia mimi kwanza."

Mkono wake ukatambaa juu ya shuka, ukitafuta kidole changu. Nikakitia mfukoni mwa aproni, nikaenda kuosha vyombo.