Kiti cha Beryl

Gari lilikuja likiwa ndani ya masanduku, mwaka ambao Clive Ogden alitimiza hamsini na mbili. Lilikuwa gari dogo la wazi, la watu wawili, la kujiundia mwenyewe nyumbani, na gereji yake kule Keighley, kaskazini mwa Uingereza, ilijaa vyuma mpaka mashine ya kukata majani ikahamia jikoni.

"Majira mawili ya baridi tu," alimwambia mkewe, Beryl. "Halafu nakupeleka Filey, ukale chipsi ufukweni."

Viti huwa vya mwisho, lakini Beryl alitaka chake kianze. Clive akachanganya dawa za povu za makopo mawili, akazimimina kwenye mfuko wa takataka, na Beryl akaukalia pale pale kwenye nafasi ya abiria. Povu likaanza kuumuka chini yake. Likishakauka hubaki na umbo la aliyelikalia, na Beryl wa siku hizo alikuwa mwanamke mnene kwelikweli.

"Clive! Linapanda! Linanichoma matako!"

"Usicheke, Beryl, utaharibu umbo."

Jirani yao Des, mtu mwembamba, akachungulia mlangoni. "Povu litatosha, lakini?"

"Njoo ukae wewe, Des, tuone kama hata alama itabaki!"

Beryl alicheka mpaka machozi yakamtoka, na upande wa kushoto wa kiti ukabaki na kibonyeo cha kicheko kile.

Majira mawili yakapita, yakaja mengine. Sitamtetea Clive. Gari lilikuwa tayari mwaka wa nne, akalifungua lote kwa sababu mabomba ya breki hayakwenda sambamba. Mwaka wa saba alilirudia rangi mara tatu. Kisha akaona vichwa vya bolti za chini havitazami upande mmoja, akazigeuza moja moja.

"Nani atalala barabarani azione?" Beryl alimuuliza, kikombe cha chai mkononi.

"Mimi nitajua."

"Mimi nitajua kuwa sijafika Filey, mpenzi."

Wote wawili wakacheka. Clive alidhani wana muda.

Mwaka wa kumi na moja, katikati ya kiangazi, daktari akawaambia Beryl ana saratani ya kongosho, na akawaambia labda ataishi mpaka Krismasi. Clive akarudi gereji. Kazi iliyomshinda miaka yote hiyo akaimaliza kwa wiki sita, na Septemba akalipeleka gari kwa mkaguzi wa serikali, liruhusiwe barabarani. Mkaguzi alilala chini yake na tochi kwa muda mrefu.

"Miaka yote ya kazi hii," alisema akijipangusa mikono, "sijaona bolti zilizopangwa hivi. Hongera, bwana."

Clive alishukuru kwa adabu, akatoka uani, akatapika.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba alimbeba Beryl kutoka mlangoni, akamshusha kitini. Wepesi wake ulimtisha. Kila upande wa nyonga zake palibaki nafasi ya kuingiza mkono mzima. Beryl akapapasa kingo za kile kiti.

"Huyu mama alikuwa nani?" akasema. "Alikula vizuri."

Clive hakuweza kucheka. "Nina makopo mawili yamebaki. Nitakutengenezea kingine. Siku moja tu, Beryl."

"Siku moja yako naijua. Kaza mikanda twende."

Akaikaza. Akavuta, akavuta tena, hata ncha zake zikaning'inia ndefu mapajani.

Filey ilikuwa mbali mno. Walifika kilimani tu, juu ya mji, pale penye kondoo na upepo. Beryl alifumba macho, nywele chache zilizobaki zikipepea, na kwa muda uso wake ulikuwa na raha. Kisha maumivu yakaja.

"Geuza, mpenzi."

Akageuza. Njiani akasikia sauti ndogo ya Beryl katikati ya mngurumo wa injini. "Zile bolti. Zote zinatazama upande mmoja?"

"Zote."

"Basi vizuri."

Hakumlaumu hata siku moja, na hilo ndilo Clive aliloshindwa kulibeba. Beryl alifariki wiki ya pili ya Novemba.

Aprili, hali ya hewa ilipotulia, Clive akalitoa gari. Des akaja na chupa ya chai na koti zito.

"Huendi Filey peke yako, rafiki yangu. Sogea huko." Akateremka kwenye kiti cha Beryl, akapenyeza mabega chini ya mikanda, akacheka kidogo kwa haya. "Inabana hii. Hata mtoto haimtoshi. Inalegezwaje?"

Akashika bizimu ya mkanda.

"Usiiguse!"

Des akaiachia bizimu. Miaka thelathini ya ujirani, hakuwahi kusikia Clive akipaza sauti. Akatazama mkanda, akatazama kiti kipana kilichokuwa chini yake, akaelewa. Akatoka polepole, akaacha chupa ya chai sakafuni mwa gari.

"Samahani, Clive."

"Nilikuwa na muda wa miaka kumi na moja, Des," Clive akasema. Alikuwa analia waziwazi, barabarani, mchana kweupe. "Ningeweza kumpeleka kila Jumapili."

Akainama, akafunga mikanda juu ya kiti kitupu, kwa urefu ule ule alioikaza Oktoba. Akajaribu kupitisha mkono kati ya mkanda na povu. Ukapita. Beryl alikuwa ameenea hapo. Kisha akawasha gari, akaenda Filey.