Vidole Begani mwa Gibson

Asubuhi ya mazishi, bango la marehemu lilipofungwa langoni kule Nyacheki, Celestine alikwenda kuona picha ya mumewe. Macho yalimganda begani. Vidole vinne vya mwanamke vilikuwa vimelala juu ya koti la kijivu, lakini mkono haukuwapo, wala mwanamke. Walikuwa wamemkata.

Picha hiyo walipigwa studio Ogembo, walipooana. Gibson aliketi, yeye akasimama nyuma. Mpiga picha alimtaka akunje mikono mbele kwa adabu, Gibson akakataa. "Weka hapa begani," alimwambia mkewe. "Watu wajue nina mtu."

Sasa watu wangejua nini?

Momanyi, mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alikuwa akipanga viti.

"Shemeji, nani aliamua nikatwe?"

"Kamati. Bango ni la marehemu. Na wewe, tuseme ukweli, hukutuzalia mtoto. Kesho si utaolewa kwingine?"

Muda wote Gibson alipokuwa mgonjwa, ni yeye aliyemwinua, akamgeuza, akamlisha. Leo amekuwa vidole visivyo na mwenyewe!

"Hata kunifuta vizuri mmeshindwa!" alifoka. "Mmeniacha hapo kama mwizi anayechungulia!"

"Punguza sauti. Kuna wageni."

"Wasikie!"

Alipanda kiti, akafungua kamba, akaanza kulikunja bango. Momanyi akalidaka upande wa pili. Wakavutana, waombolezaji wakitazama tu, hadi mama mkwe, Nyanchera, alipotoka nyumbani akijikokota.

"Momanyi, mwachie. Gibson alipokuwa akioshwa kitandani, wewe ulikuwa wapi?"

Momanyi akaachia.

Celestine alichukua ile picha yao ya studio, akapanda boda boda hadi Ogembo, akarudi na bango jipya, picha ikiwa nzima. Aliyemshikia kiti akilifunga ni mama mkwe peke yake.

Wakati wa ibada, binamu mmoja alisoma maisha ya marehemu: shule, kazi, ndugu, basi. Mke hakutajwa. Celestine akasimama mbele ya watu wote.

"Rudia hapo. Sema ameacha mjane, na umtaje kwa jina."

Msomaji alimtazama Momanyi, naye Momanyi akainamisha kichwa. Mwishowe msomaji akarudia, akamtaja.

Celestine aliketi. Hakumshukuru mtu.